Kengele Ilipiga, Sikuisikia

Nyumbani kwangu kuna taipureta. Iko juu ya meza ndogo karibu na dirisha. Naifunika kwa kitambaa ili vumbi lisiingie. Wajukuu wangu wanapokuja likizo huikimbilia hata kabla ya kuniamkia. Wanataka kupiga herufi. Mimi nawaambia, "Herufi baadaye. Kwanza nionyesheni kengele iko wapi."

Wanacheka. Wanadhani bibi yao anatania. Leo nataka kueleza kwa nini sitanii.

Mwaka 1981 nilikuwa na umri wa miaka 22. Nilikuwa karani wa ofisi ya kijiji chetu, huku Usukumani ambako watu hulima pamba. Elimu yangu ilikuwa ya darasa la saba. Mchana niliandika madaftari ya kijiji. Jioni nilifundisha darasa la kisomo cha watu wazima chini ya mwembe. Wanafunzi wangu wengi walikuwa akina mama wenye umri wa kunizaa. Mmoja wao alikuwa mama mjane aliyekaa mbele siku zote, karibu na ubao. Alijifunza tarakimu upesi kuliko herufi. Alisema, "Mwanangu, herufi nitazipata tu. Tarakimu ndizo zinazonidhulumu."

Mwaka huohuo kijiji kilinunua taipureta. Haikuwa mpya. Ilikuwa mashine ndogo ya mkono, ya aina inayofungiwa katika sanduku lake kama mzigo wa safari. Ilikuwa Olympia, iliyotengenezwa Wilhelmshaven katika Ujerumani Magharibi ya wakati ule. Mwenyekiti aliiweka mezani kwangu akasema, "Kuanzia leo barua zetu ziwe za mashine. Barua ya mkono haisomwi huko mjini."

Nilipelekwa mjini siku mbili nikamtazame mpiga chapa wa ofisi moja. Nilitazama vidole vyake. Vidole vya kushoto vilikaa juu ya A, S, D, F. Vya kulia vilikaa juu ya J, K, L na kitufe kinachofuata. Nilirudi nyumbani nikafanya mazoezi mpaka usiku kwa taa ya chemli. Baada ya mwezi mmoja niliweza kupiga barua nzima bila kutazama vitufe. Nilijivuna sana. Watu walipita dirishani kusikiliza mlio.

Niliona jambo moja la kuchekesha. Mpangilio wa herufi ulitungwa Marekani, na waliotunga hawakufikiria Kiswahili. Herufi A, ambayo sisi tunaitumia karibu katika kila neno, wameiweka chini ya kidole kidogo cha kushoto, kidole dhaifu. Herufi Q na X, ambazo Kiswahili hakizihitaji, zilikaa safi na kung'aa kama sahani za wageni. A yangu ilijaa wino hadi tundu lake likaziba.

Basi, herufi nilizijua. Mashine sikuijua. Sikujua tofauti hiyo mpaka msimu wa pamba ulipofika.

Mwaka ule fedha za kununulia pamba zilichelewa. Wakulima walileta pamba, tukaipima, tukawapa stakabadhi zenye kilo zao. Kisha ilitakiwa orodha ya wakulima wote ipelekwe mjini, ili fedha ziletwe na kila mtu alipwe. Orodha iwe ya mashine, nakala tatu. Kila mstari uwe na jina kamili la mkulima, namba ya stakabadhi, na mwisho kilo.

Niliifanya kazi hiyo usiku wa siku tatu. Niliweka karatasi tatu na kaboni mbili katikati. Macho yangu yalikuwa kwenye daftari la mizani, kama nilivyoona mpiga chapa wa mjini akifanya. Nilipiga jina, nikaacha nafasi kwa kukadiria, nikapiga namba, nikaacha nafasi tena, nikapiga kilo. Jina likiwa fupi, kilo zilikaa katikati ya karatasi. Jina likiwa refu, kilo zilisogea hadi kando. Safu ya tarakimu ilikuwa imepinda kama njia ya ng'ombe. Nilidhani haidhuru, maadamu tarakimu zenyewe ni sahihi.

Siku ya malipo watu walijaa kutoka asubuhi. Mlipaji aliketi mezani na sanduku la fedha. Alisoma jina, akasoma kilo, akahesabu noti. Ilipofika zamu ya yule mama mjane, alisoma, "Kilo 64."

Mama hakupokea fedha. Alifungua fundo la khanga akatoa stakabadhi yake. Akaikunjua polepole, akaisoma mwenyewe kwa sauti, kidole juu ya karatasi, kama tulivyosoma chini ya mwembe. "Sita. Nne. Sifuri. Mia sita na arobaini."

Kisha akanyosha kidole kwenye orodha ya mlipaji. "Na hapa pameandikwa sita, nne. Sifuri yangu iko wapi?"

Watu walinyamaza. Mlipaji alitazama orodha, akatazama stakabadhi. Akasema, "Mama, stakabadhi hii imeandikwa kwa mkono. Orodha ni ya mashine. Mashine haikosei." Tukatazama nakala ya pili na ya tatu. Zote zilisema 64. Bila shaka zingesema hivyo, kwani kaboni hunakili kosa kama inavyonakili ukweli.

Lililoumiza zaidi lilikuja jioni. Wote walipokwisha kulipwa, fedha zilibaki katika sanduku. Chini ya orodha nilikuwa nimepiga jumla ya kilo kutoka kwenye daftari, na jumla hiyo ilikuwa sahihi. Fedha zililetwa kwa kufuata jumla. Kwa hiyo zilibaki fedha za kilo 576, yaani 640 kutoa 64. Fedha za mama yule zilikuwapo, mbele ya macho yetu. Lakini kanuni ilikuwa mtu alipwe kama mstari wake unavyosema. Mlipaji alizirudisha katika sanduku, akafunga kufuli, akaondoka nazo. Hakuwa mtu mbaya. Alifuata karatasi, na karatasi niliipiga mimi.

Usiku ule sikulala. Asubuhi nilifungua ofisi mapema. Mama mjane alikuwa tayari ameketi kwenye kizingiti.

Tulisalimiana. Nilianza kuomba msamaha, lakini alinikatisha. "Sikuja kwa ajili hiyo," alisema. "Nionyeshe ilipopotelea."

Niliweka karatasi katika mashine nikapiga jina lake tena. Alikuwa na majina matatu, yote marefu, na mstari wake ulikuwa mrefu kuliko yote katika orodha. Nikapiga namba ya stakabadhi. Mashine ikalia ting! Nikaendelea. Nikapiga 6, nikapiga 4. Nilipopiga 0 kitufe kilikuwa kigumu. Hakikushuka. Kwenye karatasi palikuwa 64.

Nilitazama mikono yangu. Usiku ule wa orodha nilihisi ugumu huohuo, nakumbuka. Lakini kitufe cha sifuri kilikuwa kigumu siku zote, kwa kuwa vumbi la pamba liliingia ndani ya mashine. Nilidhani ni ugumu ule wa kawaida. Sikuinua macho. Nilisukuma mkono wa kurudisha kigari nikaanza mstari mwingine.

Mama aliuliza, "Huo mlio ni wa nini?"

Nikamwambia kwamba ni kengele, na kwamba hulia karibu na mwisho wa mstari.

"Kumbe ilikwambia," alisema. "Wewe hukuisikia?"

Niliisikia, ndugu msomaji. Niliisikia mara nyingi usiku ule. Lakini niliisikia kama mtu anavyosikia chura wakati wa masika.

Katika kijiji cha jirani aliishi mzee mmoja tuliyemwita Babu Karani. Alikuwa amefanya kazi katika ofisi ya kiwanda cha kuchambua pamba tangu kabla ya Uhuru wa mwaka 1961. Mwenyekiti alimtumia ujumbe. Alikuja kwa baiskeli, na mkobani alikuwa na mswaki wa zamani, sindano, na kitambaa safi. Aliitazama mashine kwa muda mrefu bila kuigusa. Kisha aliniuliza, "Nani alikufundisha?"

"Nilimtazama mtu kwa siku mbili, babu."

"Ulitazama vidole. Hukutazama mashine."

Jambo la kwanza alilofanya lilinishangaza. Upande wa kulia palikuwa na kidude kidogo chenye alama za rangi. Alama moja ni ya kupigia kwa nusu ya juu ya utepe, yenye wino mweusi. Alama nyekundu ni ya nusu ya chini. Katikati pana alama nyeupe. Babu Karani alisogeza kidude hadi kwenye nyeupe. Nikapiga herufi, na hakuna kilichoonekana kwenye karatasi. Utepe haukunyanyuka kabisa. Alama hiyo ni ya kupigia karatasi ya nta ya kurudufia, ambayo hukatwa na chuma cha herufi bila wino. Lakini yeye aliitumia kunifundisha. Alisema, "Kwa wiki moja hutaona herufi hata moja. Utaona mashine tu."

Na kweli ikawa hivyo. Alinianzisha na karatasi. Karatasi ikiingia mshazari, usiivute kwa nguvu. Upande wa kulia wa kigari kuna mkono mdogo. Ukiuvuta mbele, karatasi inalegea, unaiweka sawa, kisha unaurudisha. Mpaka siku ile nilikuwa nikivuta karatasi kwa mikono miwili kama mtu anayeng'oa muhogo. Alinifundisha pia kuweka karatasi moja ya ziada nyuma, ili rola ya mpira isipigwe na chuma moja kwa moja. Mpira huo ukizeeka huwa mgumu, na ukiwa mgumu herufi hutoboa karatasi, hasa herufi o na nukta.

Kisha tulikuja kwenye pambizo. Hapo tulikaa siku mbili nzima.

Nyuma ya karatasi kuna chuma chenye vipimo, na juu yake vimekaa vizuizi viwili. Kimoja kinaamua mstari uanzie wapi. Cha pili kinaamua uishie wapi. Mimi nilivikuta mahali fulani nikaviacha hapohapo. Aliyekuwa na mashine kabla yetu ndiye aliyeviweka, kwa ajili ya barua zake, wala hakujua habari za orodha yetu. Kumbe mtu nisiyemjua alikuwa amekwisha amua kwamba majina marefu ya kijiji chetu hayatatosha.

Babu Karani alinihesabisha. Mashine yetu iliandika herufi 10 katika inchi moja. Ziko mashine nyingine zinazoandika herufi 12, nazo herufi zake ni ndogo zaidi. Karatasi ya A4 ina upana wa milimita 210, yaani inchi 8 na robo hivi. Kwa hiyo kutoka ukingo hadi ukingo zinaingia herufi 82. Ukiacha inchi moja kushoto na inchi moja kulia, zinabaki herufi 62. Alisema, "Kabla ya kupiga orodha, tafuta jina refu kuliko yote. Lihesabu herufi zake. Ongeza nafasi. Ongeza tarakimu. Ndipo uweke vizuizi. Usianze na jina la kwanza. Anza na jina refu."

Sikuwa nimewahi kufikiria hivyo. Nilidhani mashine hupimwa kwa mwendo wa kasi.

Kengele nayo ina kazi yake. Kwenye mashine yetu ililia zikiwa zimebaki herufi 7 kabla ya kizuizi. Hizo 7 ni za kumalizia neno, au kulikata. Zikiisha, vitufe vinajifunga. Si kwamba vimeharibika. Vinakataa kwa makusudi. Ukitaka kupita, kuna kitufe maalumu pembeni, unakibonyeza mara moja, kizuizi kinakuachia. Babu Karani alinifanya nifumbe macho, akapiga yeye, nami nikataja kwa sauti, "Kengele," kila ilipolia. Kisha tukabadilishana: nikapiga mimi, na nilipofika mwisho ilinibidi niseme kama ugumu ule ni wa kizuizi au ni wa uchafu. Mwanzoni nilikosea. Ugumu wa uchafu huanza taratibu na hushuka kidogo. Ugumu wa kizuizi ni kama kugonga ukuta.

Ili tofauti hiyo ionekane ilibidi uchafu uondolewe. Tuliifungua mashine juani. Nyuzi za pamba zilikuwa zimejaa kati ya mikono ya herufi kama pamba katika sikio. Tulitumia mswaki, tukasugua kutoka nyuma kuja mbele ili uchafu usiingie ndani zaidi. Tundu za a, e na o tulizisafisha kwa sindano. Mimi nilikuwa nimekwisha kutia mafuta ya cherehani pale mikono ya herufi inapoanzia, nikidhani ninasaidia. Babu Karani alitikisa kichwa. Mafuta mahali pale hukamata vumbi, vumbi huwa ulimbo, na ulimbo huikamata mikono kama ndege. Alifuta yote kwa kitambaa chenye spiriti. Mafuta, alisema, ni tone moja au mawili kwenye reli za kigari, basi. Kitufe cha sifuri kilishuka kwa wepesi ambao sikuwahi kuujua.

Mambo mengine nilijifunza upesi. Kidude cha kuchagua mistari ikaribiane au iachane. Kidude cha kupunguza au kuongeza uzito wa vitufe, ambacho mwenye vidole vyepesi hukiweka chini na mwenye kupiga nakala nyingi hukipandisha. Na kitufe cha herufi kubwa, ambacho usipokibonyeza mpaka mwisho herufi kubwa hukaa juu ya mstari kama kuku juu ya ua.

Lakini vituo vilinifurahisha. Nilikuwa nimeona vitufe viwili, kimoja na alama ya kujumlisha, kingine na alama ya kutoa. Nilidhani ni vya hesabu! Kumbe ni vya vituo. Unasogeza kigari hadi mahali unapotaka safu ya tarakimu ianze. Unabonyeza kujumlisha. Umepanda kituo. Ukitaka kukiondoa, unafika palepale unabonyeza kutoa. Baada ya hapo, popote jina linapoishia, unabonyeza kitufe cha vituo na kigari chenyewe kinakimbia, krrr, kinasimama mahali palepale. Ukipanda kituo kwenye mamia, basi mkulima mwenye kilo za makumi unamwachia nafasi moja. Mwenye maelfu unamrudisha nyuma nafasi moja. Mamoja yanakaa chini ya mamoja, makumi chini ya makumi. Tarakimu ikipotea, macho yanaona pengo mara moja.

Siku nilipopiga safu ya kwanza iliyonyooka nililia. Babu Karani alijifanya hakuona. Alikuwa akisafisha miwani yake.

Orodha mpya tuliipiga pamoja. Mimi nilipiga, kisha mwenyekiti akasoma daftari kwa sauti, nami nikafuata kwa kidole kwenye karatasi, mstari kwa mstari. Tukajumlisha safu upya. Kamati ya kijiji ikatia saini na mhuri. Mimi na mwenyekiti tuliipeleka mjini kwa lori la mizigo, tukiwa na stakabadhi ya mama na daftari la mizani.

Hata hivyo, mambo hayakwisha siku ile. Ilituchukua wiki saba. Mama yule alikuwa amepanga kununua mabati kwa fedha hizo na kuezeka nyumba yake kabla ya mvua. Mvua za kwanza zilinyesha kuta zikiwa wazi, na ukuta mmoja ukamomonyoka. Magunia yake mawili ya mtama tuliyahifadhi ofisini, nyuma ya meza yangu. Kila nilipopiga barua niliyaona. Alipolipwa hatimaye, alihesabu fedha mara mbili, akasema ahsante, akaenda. Ukuta aliujenga tena kwa nguvu zake na za majirani. Mimi nilikwenda kubeba udongo, ingawa hakuniita.

Aliendelea na kisomo. Kwa miaka mingi baadaye alipopita karibu na ofisi na kusikia mlio wa mashine, aliinua sauti nje, "Mwanangu, imelia?"

Nami nilijibu, "Imelia, mama. Nimeisikia."

Miaka ilipita. Nilipata nafasi ya kusoma kidogo habari za mashine hizi. Aliyepewa hataza ya mashine iliyoleta ukoo wa taipureta tunazozijua alikuwa Christopher Latham Sholes, pamoja na wenzake, katika mji wa Milwaukee, Marekani, mwaka 1868. Mwaka 1874 kampuni ya Remington, iliyokuwa ikitengeneza bunduki na cherehani, ilianza kuiuza. Baadhi ya mashine za mwanzo ziliwekwa juu ya meza kama ya cherehani, na kigari kilirudishwa kwa kukanyaga kwa mguu! Ziliandika herufi kubwa tu. Herufi ndogo pamoja na kubwa zilikuja na mashine ya Remington ya pili, mwaka 1878. Tena mpiga chapa wa siku zile hakuweza kuona anachopiga mpaka karatasi izunguke, kwa kuwa herufi ziligonga chini ya rola. Niliposoma hayo niliwahurumia. Mimi nilikuwa na mashine inayoonyesha kila herufi, na bado sikutazama.

Mashine nyingi za zamani hazina hata tarakimu 1. Mpiga chapa hutumia herufi l ndogo badala yake. Yetu ilikuwa nayo, ahsante Mungu. Sijui ningewaeleza nini wakulima.

Ofisi ya kijiji ilipopata kompyuta, taipureta iliwekwa stoo juu ya magunia matupu. Niliomba kuinunua, wakaniuzia kwa bei ndogo. Nilipofika nayo nyumbani nilikuta vizuizi vya pambizo vimesogezwa, bila shaka na watoto. Nilivirudisha mahali pake. Vidole vyangu sasa ni vizito, kwa hiyo kidude cha uzito nimekishusha mpaka chini kabisa.

Nampigia mwenyekiti wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa orodha ya wanachama kila mwezi. Vijana wananiambia kompyuta ingejumlisha yenyewe, na ni kweli, mimi sibishani nao. Umeme ukikatika wanakuja kwangu. Nao huwauliza swali lilelile, jina refu kuliko yote ni la nani.

Tatizo langu siku hizi ni utepe. Upana wake ni nusu inchi, na madukani ya huku haupatikani tena. Ninao mmoja tu. Nusu ya juu ilipofifia niliugeuza juu chini. Sasa zote mbili zimefifia, kwa hiyo mjukuu wangu mkubwa anaufungua wote juu ya gazeti kuukuu, tunaupaka wino wa mhuri kidogo kidogo, tunauacha usiku mmoja ukolee, kisha tunauzungusha tena katika magurudumu yake mawili. Yeye hushika gurudumu la kushoto, mimi la kulia. Mama yake hapendi kazi hiyo, kwa sababu mtoto hurudi shuleni Jumatatu vidole vyake vikiwa bado vyeusi.